Mkono Mmoja wa Kamba

Kuna watu wanasoma mpaka shule zinaisha. Wanamaliza la saba, cha nne, cha sita, digrii ya kwanza, ya pili, na ile ya tatu ya kuitwa daktari bila kumiliki hata sindano moja. Wakishafika mwisho kabisa, badala ya kurudi nyumbani kulima, wanagundua kuna kitu kinaitwa posdoki. Posdoki ni shule ya baada ya shule kuisha. Chuo kikuu cha ufundi huko kwenye baridi kinamwita mtu aliyemaliza kila kitu aende akae miaka miwili akitafiti tu, apewe meza yake na dirisha lake, na mtihani hakuna. Nafasi zenyewe hazijazi vidole vya mkono mmoja, wanaozitaka wanajaza uwanja wa mpira.

Ngolo Makene, mfugaji wa bonde la Momba, elimu ya watu wazima mpaka darasa la nne, alielezwa habari hiyo mara tatu. Mara ya tatu akauliza huyo daktari alifeli wapi mpaka arudishwe darasani.

Aliyekuwa akimweleza ni daktari mwenyewe, na hakucheka. Lakini hapo tumeruka mbele.

Ngolo aliingia Momba mwaka tisini na sita, kwa miguu, nyuma ya ng'ombe, kutoka Maswa. Yeye na mumewe Mayala walitembea mwezi na nusu, na anayebisha atoke Maswa leo na ng'ombe sitini, tutamsubiri. Walipofika bondeni hawakumwomba mtu maji. Walichimba kisima chao kando ya mto wa mchanga, Mayala chini na sururu, Ngolo juu na ndoo, siku kumi na tisa, mpaka siku ya ishirini Mayala akapiga kelele kwamba miguu yake imelowa. Mayala alifariki mwaka elfu mbili na tano. Kisima kikabaki kuitwa kwa Ngolo, hata na wale wakulima waliokuwa hawataki kulitaja jina lake kwa jambo lingine lolote. Wakulima hawakuwapenda wafugaji, wafugaji hawakuwapenda wakulima, na ukianza kuuliza nani alitangulia utazeeka kabla hujajibiwa.

Mwaka elfu mbili na nane akaja Lusubilo. Kijana mwembamba, mkoba mgongoni, mzaliwa wa Ikinga kule milimani Ileje, mahali ambapo maji yanatiririka yenyewe mpaka karibu na mlango wa jikoni. Labda ndiyo maana ilibidi asomee chuoni jinsi maji yanavyopungua. Alikuwa anautafuta huo udaktari wake, na utafiti wake ulihusu visima vya bondeni. Akamletea Ngolo kaunta buku mbili, kalamu sita, na kamba ya manila ya mita kumi aliyoipaka rangi mwenyewe: alama nyeupe kila sentimita kumi, nyekundu kila mita. Mwisho wa kamba akafunga nati ya gurudumu la lori, nzito, aliyoiokota Tunduma.

Kazi ilikuwa moja. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ng'ombe hawajanywa, Ngolo ateremshe nati mpaka iguse maji, ashike kamba pale ukingoni mwa kisima, aipandishe akihesabu nyekundu, kisha nyeupe zilizobaki, aandike. Lusubilo akaahidi kwamba kitabu kikitoka, jina la Ngolo Makene litakuwa mbele kabisa. Ngolo akakubali, si kwa ajili ya jina, alisema baadaye, bali kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwomba aandike kitu. Sisi tunaomjua tunasema ilikuwa kwa ajili ya jina.

Basi akapima. Nyekundu nne, nyeupe sita. Nyekundu nne, nyeupe saba. Lusubilo mwaka wa kwanza alikuja mara mbili. Mwaka wa pili alikuja mara moja, akaacha viatu vyake kwenye tope, hakurudi tena. Akawa anapiga simu kutoka Dar es Salaam kila mwisho wa mwezi, Ngolo anasoma kwenye buku, yeye anaandika huko. Ngolo alikuwa akianza na salamu, habari za mvua, ng'ombe gani anaumwa, na Lusubilo anamkata.

"Namba tu, mama. Namba tu. Vocha inaisha."

Julai ya mwaka elfu mbili na kumi, mtamba mmoja wa madoa akakwama kuzaa. Ilikuwa Jumamosi alfajiri. Miguu ya mbele ya ndama imetoka, kichwa kimegoma, na kamba zote za zizini zilikuwa za ngozi, zimelowa umande, zinateleza. Kamba kavu ilikuwa moja tu hapo nyumbani, imening'inia ukutani. Ngolo hakutaka kamba nzima ya daktari iingie damu. Akafungua nati, akapima kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, akakata hicho kipande cha mwisho, akakifunga kwenye miguu ya ndama, akavuta. Ndama akatoka mzima, jike. Ngolo akanawa, akafunga nati kwenye ncha mpya, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuandika, akaandika kwenye buku pembeni mwa ukurasa: Jumamosi nimekata kamba mkono mmoja, mtamba kuzaa.

Jumatatu akapima: nyekundu tano, nyeupe moja. Wiki iliyotangulia ilikuwa nyekundu nne, nyeupe sita. Hakuona ajabu. Kamba imefupishwa chini, alama zimesogea mkono mmoja kuelekea maji, daktari mwenye kamba yake atajua la kufanya. Mwisho wa mwezi simu ilipolia akaanza, "Daktari, kuna ile kamba," akakatwa. Namba tu. Akasoma namba.

Huko Dar es Salaam Lusubilo aliziona namba akaruka kitini. Maji ya kisima yameshuka nusu mita ndani ya wiki moja, na mwezi huohuo kaya nne za wafugaji zimehamia bondeni na ng'ombe mia tatu. Mtu amehangaika miaka miwili kutafuta jambo la kusema, jambo limekuja lenyewe kwa simu. Akaandika udaktari wake wote juu ya nusu mita hiyo. Kwamba mifugo ndiyo imeyanywa maji. Kwamba vipimo vilichukuliwa na mtafiti mwenyewe. Shukrani zilikuwa kurasa mbili, alishukuriwa mpaka mpiga chapa, na Ngolo hakuwemo hata kwa jina la ukoo. Mwaka elfu mbili na kumi na mbili akavaa joho jekundu na kofia ile bapa, Ikinga wakachinja mbuzi.

Ngolo haya yote hakuyajua, aliendelea tu kupima kila Jumatatu. Aliyajua Aprili ya mwaka elfu mbili na kumi na nne, kwenye mkutano wa hadhara, Jenista mtendaji wa kata aliposimama na karatasi. Kamati ya maji imeamua: kuanzia tarehe moja Julai, kila kiangazi, ng'ombe hawatakunywa kisima cha kwa Ngolo. Watapelekwa mto wa mbali usiokauka, mwendo wa nusu siku kwenda, nusu siku kurudi. Wakulima wakapiga makofi. Jenista akasoma sababu: utafiti wa daktari unaonyesha kwamba Julai ya elfu mbili na kumi, mifugo ilipoongezeka, maji yalishuka nusu mita.

Ngolo alikuwa amekaa chini na wanawake wenzake. Akahesabu kwa vidole, Julai, elfu mbili na kumi. Kisha akautazama mkono wake mwenyewe, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Kesho yake alikwenda ofisini na buku. Jenista hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa ofisi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema hivi: utafiti wa daktari haufutwi na mama wa ng'ombe mwenye daftari, tena ng'ombe wenyewe wake. Alete maandishi ya daktari mwenyewe, yenye sahihi, kabla ya Julai. Vinginevyo amri ni amri.

Ngolo akapiga simu. Haikupokelewa. Akabipu, akapiga tena, akaazima simu ya jirani, Aprili yote na Mei yote. Ng'ombe wake arobaini na watatu, nusu yao wana mimba au wananyonyesha, na kiangazi cha bondeni hakimhurumii mnyama anayetembea siku nzima kufuata bakuli la maji. Alishachagua kichwani wale ambao hawangefika Septemba. Yule wa madoa alikuwa wa kwanza, na yule binti yake aliyevutwa kwa kamba alikuwa wa pili.

Katikati ya Juni, siku ya Jumatano, pikipiki ikasimama mbele ya zizi. Akashuka Daktari Lusubilo, amenenepa kidogo, ana kilo mbili za sukari na kanga mpya.

Wasukuma, watu wa Ngolo, mgeni wanamjua. Anapewa kiti, anapewa maziwa, anaulizwa habari za alikotoka mpaka mwenyewe achoke. Ngolo hakumwambia hata mwangaluka, salamu yao ya asubuhi, na asubuhi ilikuwa bado mbichi. Aliendelea kukamua. Lusubilo akasimama juani na sukari yake, akaeleza habari ya chuo kikuu cha ufundi, nafasi ya baridi, meza na dirisha. Wamempenda. Wamemweka kwenye wanne wa mwisho. Wanataka kitu kimoja tu, kumbukumbu halisi za vipimo, zilivyoandikwa uwanjani, kila ukurasa, kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni. Akaeleza mara ya pili, akaeleza mara ya tatu, na hapo ndipo alipoulizwa alifeli wapi.

"Mama, yale madaftari ni mali ya utafiti," akasema.

"Karatasi ilikuwa yako," Ngolo akamjibu bila kuinua kichwa. "Umande ulikuwa wangu."

Lusubilo akasema anaweza kuja na mgambo. Ngolo akasema mgambo wa hapa ana ng'ombe kumi na mmoja na wote wanakunywa kwenye hiki kisima, amlete tu. Kisha akasema madaftari atayapeleka Tunduma yeye mwenyewe, Ijumaa, mkononi mwake, na hakuna mtu atakayeyagusa kabla. Lusubilo akaiacha sukari palepale kwenye tope. Mbuzi waliikuta.

Ijumaa saa saba mchana walikutana Tunduma, kwenye stesheneri ya Naila, mwanamke wa Kondoa aliyekuja mpakani na mashine moja ya kopi na sasa ana nne. Mji huu kama hujafika, bado hujaona watu wanavyohangaika. Malori yamepanga foleni mpaka yamesahau yanakwenda wapi, wabadilisha fedha wanaitana Kibemba na Kiswahili kwa pumzi moja, na umeme siku hiyo ulikuwa umekatika, genereta la Naila likipiga kelele mlangoni. Ngolo alikuwa amepanda kutoka bondeni na gari la mpunga tangu alfajiri. Madaftari alikuwa ameyafunga mgongoni kwa kanga, kama mtoto.

Lusubilo akamwamuru Naila aanze kuskani, haraka, zote. Ngolo akalifungua buku la kwanza mahali alipoweka unyasi, akaliweka juu ya kaunta, akaegemea kiwiko.

"Soma hapa kwanza."

Akasoma. Mtu akisoma maneno saba kwa muda mrefu namna ile, ujue hasomi tena, anahesabu. Akaomba kikokotoo cha Naila. Akatoa nusu mita kwenye namba ya Julai. Akatoa kwenye ya Agosti. Akageuza kurasa, akatoa, akatoa, jasho likidondokea vibonye, mpaka mwaka elfu mbili na kumi na nne. Maji hayakuwa yameshuka. Mwaka elfu mbili na kumi na tatu yalikuwa yamepanda kiganja kimoja.

Akawa mpole ghafla. Akamwita Ngolo mayu, neno la Kisukuma la kumwita mama, ambalo miaka sita hakulikumbuka. Akaeleza kwamba ukurasa mmoja si kitu. Ukichomoka hakuna atakayeumia, yeye atakwenda kwenye baridi yake, na jina la Ngolo safari hii litaandikwa kweli, mbele kabisa. Alizungumza muda mrefu, kwa ufundi.

"Namba tu, daktari," Ngolo akasema.

Hapo upole ukaisha. Lusubilo akasema wafugaji ni watu wa kuharibu, wanaharibu mashamba, wanaharibu misitu, na sasa wameharibu sayansi kwa ajili ya ndama. Ngolo akasema yeye amemwona daktari wa watu na daktari wa ng'ombe, ila daktari wa simu huyu ndiye wa kwanza, na kwamba mtu wa Ikinga ambaye kikombe cha maji anachotewa mlangoni asimfundishe yeye kiu. Madereva wawili Wazambia waliokuja kutoa kopi za leseni wakaacha shughuli zao wakasimama kusikiliza. Lusubilo akamgeukia Naila, akamwambia kwa Kiingereza, taratibu, auruke ule ukurasa. Naila, ambaye anafanya biashara kwa Kiingereza tangu afungue duka mpaka afunge, akamjibu kwa Kiswahili kwamba mashine yake haijui Kiingereza.

Saa ya ukutani ilisema saa nane na nusu.

Ngolo akasema anachotaka. Hataki kanga, hataki jina. Anataka barua kwa mtendaji wa kata: kamba ilikatwa, maji hayakushuka, ng'ombe hawana kosa. Ikishakuwa mkononi mwake, madaftari yaskaniwe yote au yaskaniwe nusu, hayo ni ya daktari na Wazungu wake.

Lusubilo alitoka nje, akazunguka lori moja, akarudi. Alijua hesabu ile vizuri kuliko yeyote. Barua ikiingia faili la kata, ukweli uko wazi, na ukurasa uliochomolewa utakuwa kosa la pili juu ya la kwanza. Asipoandika, hana madaftari, na meza na dirisha vitakwenda kwa mwingine saa kumi na moja. Akakaa kwenye kompyuta ya Naila, akapiga barua kwa vidole viwili, kwa hasira, kila herufi kofi. Naila akaitoa. Lusubilo akasaini.

"Na dole gumba," Ngolo akasema.

Daktari akamwambia kwamba mtu anayejua kusaini hawekewi wino. Ngolo akasema yeye anajua kuandika jina lake tangu watoto wake hawajazaliwa, na kila karatasi ya serikali aliyowahi kuitiwa walimshika mkono wakamchovya kwenye wino bila kumuuliza. Naila alikuwa ameshafungua kidau. Mtafiti wa maji wa bonde la Momba, joho jekundu na kofia bapa, akabandika dole gumba pembeni ya sahihi yake, na wale Wazambia wakainamia karatasi kuona kama limetoka vizuri.

Saa mbili zilizobaki alizitumia kuandika upya kurasa tatu za muhtasari wa utafiti wake, akifuta nusu mita kila ilipokaa, huku Naila akiskani madaftari yote, umande, madoa ya maziwa na kila kitu. Vilitumwa chuoni saa kumi na moja kasoro dakika tisa. Kisha akamwambia Ngolo kwamba ana roho mbaya.

"Ninayo," Ngolo akasema. "Na maji pia."

Akayafunga madaftari mgongoni, akaondoka. Hawakuagana.

Jenista aliisoma barua kwenye mkutano wa mwisho wa Juni, akaligeuza lile dole gumba kwenye mwanga mara mbili, akatangaza kwamba amri imefutwa. Wakulima hawakupiga makofi. Tarehe moja Julai asubuhi ng'ombe arobaini na watatu walikunywa pale walipokunywa siku zote, yule wa madoa akisukumana na binti yake.

Chuo cha ufundi kilimweka Lusubilo wa pili. Wa kwanza akapata mahali penye joto zaidi, akakataa, basi Oktoba wakamwita yeye. Ikinga walichinja tena. Inasemekana kwenye usaili, kwa kompyuta, wale maprofesa hawakumuuliza sana kuhusu maji. Walimuuliza kuhusu mkono mmoja wa kamba, dakika ishirini nzima, na ilibidi aeleze mpaka jinsi ndama anavyokwama.

Januari ya mwaka elfu mbili na kumi na tano kifurushi kikafika kwa Naila. Ndani mna utepe wa chuma wa kupimia, mita ishirini, unaolia ukigusa maji, na kipande cha karatasi chenye neno moja kwa herufi kubwa: USIKATE. Salamu hamna. Ngolo aliutundika kwenye nguzo ya zizi, na Jumatatu akapima kwa vyote viwili. Utepe na kamba yake, ukishatoa mkono mmoja, vilisema kitu kilekile. Akaandika vyote. Hakumpigia.

Alimwacha apige yeye. Na Lusubilo hupiga, kila mwisho wa mwezi, kutoka kwenye baridi, kwa sababu bila namba za Ngolo ile meza na dirisha havina kazi. Hapendi kupiga, na Ngolo hapendi kupokea. Anapokea, anakaa juu ya kinu, analiweka buku magotini bila kulifungua. Kwanza anamsomea mvua. Halafu ng'ombe, mmoja mmoja, kwa rangi zao, nani ana mimba, nani anachechemea, nani ameingia shamba la nani, na wote wamefika arobaini na tisa. Daktari akijaribu kuuliza kipimo, Ngolo anamrudia tena yule wa kwanza, kuanzia mwanzo. Kwa hiyo siku hizi hamkatizi. Anasikika tu akipumua huko aliko, kalamu ikikwaruza karatasi, anaandika yote.